Pampu Chini ya Dirisha

“Jumamosi nalifukia bwawa hili. Nimeshaongea na mwenye lori la udongo.”

“Basi ukifukia, fukia na mguu wa mama humohumo.”

“Usinitishe na mguu wa mama. Wiki mbili hizi ameingia mara ngapi? Nani aingie kwenye supu ya vyura? Na wewe si ndiye fundi wa mabwawa? Mtaa mzima unawasafishia, la kwetu linaota majani. Mganga hajigangi, au vipi?”

Hiyo ilimwingia fundi. Kaka yake ndiyo kwanza alikuwa katoka kuoka mikate usiku kucha, unga umemganda kwenye nyusi, na mtu wa hivyo hubishani naye ukashinda. Halafu bwawa lilikuwa kijani kweli, ngazi ya pili huioni. Marehemu baba yao, mwashi, alilijenga kwa mikono yake nyuma ya nyumba. Na mama yao alipovunjika nyonga, daktari alisema neno moja tu: nusu saa kila siku atembee ndani ya maji, maji yambebe. Akatembea mpaka akatupa fimbo moja. Sasa wiki mbili hajaingia, na fimbo ya pili imerudi.

“Nipe siku tatu,” fundi alisema.

“Leo Jumatano. Hesabu mwenyewe.” Kaka akaenda kulala.

Fundi akavua shati. Akapima maji kwanza, maana asidi isipokaa sawa, klorini utamwaga ndoo nzima na mwani utakucheka. Akairekebisha. Akasugua kuta kwa brashi, pembe kwa pembe, kwa sababu mwani unang'ang'ania ukuta kama kupe. Akausuuza mchanga wa chujio kwa kuyapitisha maji kinyumenyume, mpaka yakatoka safi. Jua lilipozama ndipo akamwaga klorini; ukiimwaga mchana, jua linaila yote. Akawasha pampu.

“Isizimwe, mama. Mchana na usiku.”

“Haya, baba.”

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa ya kijivu kama ya kufulia. Dalili nzuri: mwani umekufa, bado kuchujwa tu. Fundi akaenda zake kwenye mabwawa ya watu. Saa nane mchana akarudi, akakuta kimya. Pampu imezimwa. Uchafu umelala chini, na kule pembeni mwa ngazi kijani ni kilekile, dawa haijafika.

Akaiwasha tena, hakumuuliza mtu. Ijumaa hakwenda kazini. Kaka alirudi, akanywa chai, akajifungia chumbani. Hazikupita dakika kumi, fundi akiwa nyuma ya tangi la chujio, akasikia fimbo. Tk, tk. Mama yao huyo, anajivuta kando ya ukuta, anainama kwa maumivu mpaka kwenye swichi. Pampu ikanyamaza.

“Mama.”

“Kumbe upo.” Hata hakushtuka. “Dirisha la kaka yako hili hapa. Dude hili likinguruma hapati usingizi. Mwezi uliopita kaungua mkono kwenye oveni kwa kusinzia. Ungetaka aingie mzima?”

“Si uwashe usiku, akiwa kazini?”

“Nawasha nikikumbuka. Na nikikumbuka, kumekucha.”

“Na mguu wako?”

“Mguu wangu umeshatembea vya kutosha. Yeye bado anauhitaji mkono. Usimwambie, mwanangu.”

Ameombwa na mama, tena kwa upole. Lakini fundi si mtu wa kutunza siri, haimkai tumboni. Akagonga dirisha.

“We mtoto,” mama alisema.

Kaka akafungua, macho mekundu. “Nyumba inaungua?”

“Anayezima pampu ni mama. Anazima ulale. Maji yasipozunguka, dawa inakaa sehemu moja na mwani unaota. Hao vyura wako wameletwa na usingizi wako.”

Kaka akamtazama mama, akazitazama zile fimbo mbili.

“Tangu lini?”

“Tangu uungue,” mama alijibu. “Nenda kalale, mambo ya maji hayakuhusu.”

“Inatakiwa iwake siku ngapi?” Kaka alimuuliza fundi.

“Mbili tena, usiku na mchana. Baada ya hapo usiku tu, wewe hupo. Nitafunga saa, ijiwashe na kujizima yenyewe.”

“Na hiyo saa hukuifunga zamani kwa nini?”

Fundi akakuna kichwa.

Dirisha likafungwa. Wakabaki wawili, hawaangaliani. Mara mlango wa nyuma ukasukumwa, kaka akatoka, godoro kichwani, mto kwapani.

“Unakwenda wapi na godoro?” mama aliuliza.

“Chumba cha mbele.”

“Kule kuna joto, baba. Na cherehani yangu imeziba njia.”

“Nitalala na cherehani. Mwenye lori nampigia nikiamka, namwambia asije.” Akamgeukia fundi. “Keshokutwa mama asipoingia kwenye maji haya, nakuingiza wewe.”

Akanyoosha ule mkono wenye kovu, akaupitisha mbele ya mama yake, akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Mama akafungua mdomo aseme neno, lakini mwanawe alikuwa ameshageuka, godoro linayumba kichwani, anazunguka nyumba kuelekea mbele.