Mashine Mbili, Mvua Moja

Katika chumba cha seva cha kituo chetu cha utabiri wa hali ya hewa, Moshi mjini, mvua iliyomuua mama mkwe wangu ilikuwa inanyesha upya kwenye skrini mbili.

Niliichagua mwenyewe. Kampuni mbili za prosesa, zinazogombania soko la seva dunia nzima, zilikuwa zimetuletea kila moja mashine yake tuijaribu, na kazi yangu ilikuwa kuchagua moja. Nikazipa zote vipimo vya alfajiri ile ya Aprili. Adhuhuri yake, ubavu wa mlima uliporomoka Kilema ukafunika kihamba chote cha mama mkwe: migomba, kahawa na nyumba. Mashine yetu ya zamani ilimaliza hesabu kesho yake, sisi tukiwa tunachimba. Nilitaka kujua jambo moja tu. Je, tungeweza kumtoa mapema?

"Wingu letu limeshapita Marangu," alisema Herbert, wakala wa mashine ya kushoto. "Dada Winfrida, lenu bado linavaa viatu?"

"Letu halina haraka ya kwenda kuungua," alijibu Winfrida, wakala wa ile ya kulia. "Mafeni yenu yanaunguruma kama mashine ya kusaga."

Nilicheka, kisha nikaisogelea skrini. Mlima ulikuwa umegawanywa katika vipande vidogo kuliko shamba la mtu, kila kipande na upepo wake, joto lake, unyevu wake. Prosesa inayoenea kwenye kiganja cha mtoto ilikuwa imeubeba mlima mzima. Nimezaliwa chini ya mlima huu, na sikuwahi kuona jinsi wingu linavyoupanda taratibu, bonde kwa bonde, kabla ya kujimwaga.

Nikainuka, nikazima swichi kuu ya umeme.

"Mama Evelyn, umefanya nini?" Herbert aliuliza.

"Siku ile umeme ulikatika mvua ilipoanza. Huwa unakatika. Endeleeni kwa betri, kila mtu ana zake."

"Hiyo si haki. Yetu imeundwa kwa ajili ya mwendo."

"Na Kilema imeumbwa kwa mteremko. Kaa chini, baba."

Akakaa. Mashine yake ilikimbia mbele ya mwenzake, ikala betri zake, ikazimika wingu likiwa juu ya msitu. Ile ya Winfrida ilijikongoja. Kisha, kwenye bonde lililo juu ya misheni ya Kilema, rangi ya mvua ikakolea ikawa nyekundu, ikaganda palepale nilipojua ingeganda.

Nikatazama saa. Kama ingekuwa siku ile, jibu lingefika asubuhi, kukiwa na muda wa kutosha bibi mwenye fimbo ateremke hadi misheni, hata akisimama kumsalimia kila mtu. Na angesimama.

Winfrida hakutabasamu. "Kulikuwa na mtu pale?"

"Kulikuwa."

"Pole sana, mama," alisema Herbert kwa sauti ya chini.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikawasha umeme, nikaondoa vipimo vya Aprili, nikaingiza vya leo kwenye mashine ya kulia.

"Sasa mvua ya kesho," nikasema.

Herbert naye akasogeza kiti. Mlima ukaanza kujichora kuanzia kileleni. Dirishani ulikuwa umefunikwa na mawingu, kama kawaida yake. Kwenye skrini mawingu yaleyale yalikuwa yameshaanza kuondoka, na sisi watatu tukayafuata kwa macho, kuona yanaelekea kwa nani.