Mashine ya Michembe

Niseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Mimi Sostenes, mwalimu wa fizikia hapa Ushetu, mzaliwa wa Shinyanga mjini, ndiye niliyeagiza viazi vya kujaribia mashine vinunuliwe vibichi, vilivyochimbwa asubuhi ileile. Kidato cha pili walikuwa wameunda mashine ya kukatia michembe, vile vipande vya viazi vitamu vinavyoanikwa juani vikauke: sahani ya chuma yenye visu viwili, inayozungushwa kwa pedali ya baiskeli. Viazi vilikatika vizuri mno, nami nikatamba ofisini siku nzima.

Mchoro ulikuwa wa Limi, msichana wa darasa hilo, lakini Limi hakuwepo. Tangu viazi vianze kuvunwa, mama yake, mjane, alimbakiza nyumbani akate michembe, chakula chao cha kuwavusha hadi mavuno mengine. Wiki tatu zilipita, na mtihani wa taifa ni Novemba. Nilikwenda kumsihi mama huyo, nikamwambia mashine itafanya kazi ya Limi. Mama Limi alinisikiliza kwa adabu, kisha akatoa sharti: mashine ishindane naye, kikapu kwa kikapu. Ikimshinda, Limi anarudi shule. Ikishindwa, nisimdai mtoto mpaka viazi viishe.

Jumamosi tukaifikisha mashine uani kwake. Mama Limi akamimina viazi vikapuni. Vilikuwa vimenyauka, maganda yamekunjamana. Kumbe viazi vya michembe huachwa siku mbili tatu vinyauke kwanza. Niliwauliza wanafunzi kwa nini hawakuniambia, wakajibu kwa upole kwamba mwalimu alisema vibichi.

Kiazi cha kwanza kilijikunja, kikararuka, kikakwama. Cha pili vilevile. Mama Limi aliendelea kukata vyake, wala hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Limi hakuitazama mashine. Alikuwa anatazama mikono ya mama yake.

"Mwalimu," akasema, "mama hakandamizi kisu. Anakivuta."

Akaomba spana. Sahani ilikuwa na matundu ya ziada, kwa kuwa tulikosea kuitoboa mara ya kwanza. Akalegeza nati, akavihamishia visu kwenye matundu yale hadi vikalala mshazari, ili vikate kwa kuvuta kama kisu cha mama yake, akakaza. Wakati huo kikapu cha mama yake kilishafika nusu.

Limi akazungusha. Vipande vikaanza kudondoka, vyembamba, vimenyooka. Mama yake akaokota kimoja, akakiinua juani apime unene, akakirudisha, halafu akaongeza kasi. Hakuwa na mpango wa kumwachia mwanawe ushindi wa bure. Wanafunzi walimenya na kulisha mashine, jasho likiwatiririka, nami nikapiga kelele kama niko uwanja wa mpira. Sioni aibu kusema hivyo.

Kikapu chetu kiliisha. Chake kilibakiwa na viazi saba.

Mama Limi akafuta kisu chake kwenye khanga. Akamsogeza binti yake pembeni, akakalia kigoda yeye mwenyewe, akavipitisha vile saba kimoja kimoja kwenye mashine. Vyote vilikatika. Nilingoja anigeukie mimi, lakini alimgeukia Limi.

"Hii nimeshaiweza," akasema. "Nenda kafue sare."