Kifeni cha Mkuu

Kwa miaka tisa Fundi alikuwa kibarua katika ofisi ya vyeti, na kwa miaka tisa kadi ya plastiki aliyoivaa shingoni ilikuwa na neno moja kubwa jekundu chini ya picha yake: MUDA. Alishabadilisha vitasa, balbu, mabomba na miguu ya viti vya wakubwa watatu. Wakubwa wakahama, viti vikahama nao, MUDA ikabaki shingoni.

Sasa barua yake ya ajira ilikuwa mezani kwa Mkuu. Imechapwa, imepigwa muhuri, imekosa saini tu. Orodha ya waajiriwa wapya ilikuwa inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Leo ndiyo Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi.

"Saini si tatizo," Mkuu alisema, akielekeza kalamu yake chini ya meza. "Tatizo ni hili dude. Linanguruma kama mashine ya kusaga. Mtu hawezi kufikiri. Linyamazishe, saa nne njoo uchukue barua yako."

Kweli lilinguruma. Nyuma ya kompyuta, ndani ya kile kisanduku kinachoingiza umeme, kulikuwa na kifeni kisichozidi kiganja, lakini kelele yake ilifika hadi kwenye benchi la wananchi huko kwenye korido.

Fundi alipokwenda kuchukua bisibisi, Mama Muhuri, katibu wa Mkuu, alimshika mkono.

"Nakuambia kama dada yako. Hicho kifeni kiache."

"Kwa nini?"

"Kiache tu. Kelele yake ina kazi."

"Kazi ya feni ni kupoza."

"Haya, poza. Ila usije kulia mezani kwangu."

Fundi akaona ni kijicho tu. Mkuu akatoka kunywa chai, naye akaanza. Alichomoa waya ukutani, akabonyeza swichi mara mbili tatu, akasubiri, maana kisanduku kile huweka umeme kama mtu anavyoweka kinyongo. Alipokifungua, akakuta vumbi limeshikana kama blanketi. Akalipangusa kwa brashi, akabandua karatasi iliyobandikwa katikati ya kifeni, akaona kilivyokauka. Alikuwa amebeba kichupa cha dawa ya kikohozi chenye mafuta ya cherehani ya mkewe. Akatia matone mawili. Akazungusha kwa kidole: kikateleza kimya. Alipofunga na kuwasha, ilibidi ainame na kutega sikio kujua kama kompyuta iko hai.

"Hapo sawa," Mkuu akasema aliporudi, na akafunga mlango ili afikiri.

Saa nne kasoro dakika kumi Fundi alikuwa kwenye korido, shati limenyooka, maana mkewe alilipiga pasi mara mbili kwa ajili ya siku hiyo. Benchi lilikuwa na watu kumi. Hapo ndipo sauti ikaanza.

Kwanza mkwaruzo, kama mtu anaburuta kabati. Kisha filimbi. Kisha kimya kirefu cha kutisha, mpaka mtu unajishika kifua. Halafu kabati likaburutwa tena.

"Wamewasha jenereta?" akauliza mzee wa kofia.

"Jenereta gani inameza mate?" akajibu jirani yake.

Bibi mmoja, mkunga mstaafu aliyekuwa anafuatilia cheti cha mjukuu wake tangu Jumatatu, alisimama. "Kile kimya ndicho kibaya. Huyo mtu anakata roho. Nipisheni!"

Mama Muhuri akaruka mlangoni. "Mama, Mkuu anafikiri!"

"Anafikiri huku ulimi umemziba koo?"

Akapita. Mkuu alikuwa amelala chali kitini, mdomo wazi, miguu juu ya meza, viatu chini. Mkunga hakupoteza muda. Alimvuta hadi kwenye zulia, akamlaza ubavu, akampiga makofi mawili mgongoni kama anavyopigwa mtoto mchanga.

"Lia, baba! Lia!"

Mkuu alifumbua macho, akakuta wananchi wamejaa mlangoni wakitazama kidole gumba chake kilichochungulia kwenye soksi.

Dakika tano baadaye Fundi aliitwa, mlango ukafungwa.

"Umeharibu kompyuta yangu," Mkuu akasema. Shavuni alikuwa bado na manyoya ya zulia.

"Mbona inafanya kazi, Mkuu?"

"Haina nguvu. Kompyuta ya mkuu wa ofisi lazima isikike. Wananchi watajuaje kwamba kazi inaendelea?"

Fundi hakujua kuzungusha maneno. "Mkuu, unakoroma."

"Sikoromi! Hata mke wangu ananisingizia hivyo hivyo."

"Basi tuseme inakoroma kompyuta."

"Hapo umesema. Irudishe kama ilivyokuwa."

"Mafuta yameshaingia. Siwezi kuyanyonya."

"Basi barua tutaitazama mwakani."

Fundi aliitazama barua, akatazama saa ya ukutani. Njia moja aliijua tangu utotoni, ile ya kubana kipande cha kitu kigumu kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki. Karatasi isingedumu. Bati lingevunja mapanga ya kifeni. Ilitakiwa plastiki, ngumu kidogo, inayopinda. Mkono ukapanda wenyewe shingoni.

"Saini kwanza, Mkuu."

"Kelele kwanza."

Bila kadi ile, Jumatatu askari wa getini asingemruhusu hata kukanyaga kivuli cha jengo. Akichelewa kuamua, saa kumi inafika. Alichukua mkasi mezani, akakata sehemu ya chini yote, penye neno jekundu. Akaipenyeza kati ya nyaya za wavu wa nyuma ya kifeni, ncha ikagusa mapanga, akaibana kwa utepe wa gundi.

Trrrrrrrrr.

Mkuu akaegemea kiti, akafumba macho. "Toka nje usikilize."

Fundi alitoka, akahesabu mpaka sitini, akarudi, akamgusa bega. "Nje inasikika kazi tu, Mkuu."

Mkuu akasaini, akafumba macho tena.

Kwenye korido mkunga alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. "Hii ya sasa si yake," akasema. "Yake iko chini ya hii. Naisikia."

Mama Muhuri alimwekea mapajani cheti cha mjukuu, wino haujakauka. "Unasikia nini, mama?"

Bibi alisoma jina, tarehe, akautazama muhuri kwa makini. "Kompyuta," akasema, akaenda zake.

Getini askari alimsimamisha Fundi. "Kadi yako imeliwa na panya, kaka? Ile MUDA iko wapi?"

Fundi akapapasa barua mfukoni. "Imepata ajira ya kudumu," akasema. "Iko ofisini kwa Mkuu."