Kitenge cha Manjano cha Léocadie

Mzee Télesphore hakuwa na gari, hakuwa na pensheni ya kufika mwisho wa mwezi, hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana, kwa maana alisoma jioni, akiwa mtu mzima mwenye mtoto. Tangu mwaka uliopita hakuwa na mke pia, na kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwuliza, kila akimaliza kusema jambo, "Na wewe umejuaje?"

Léocadie, mkewe, alikuwa akimwuliza hivyo kila siku, na kila siku mzee alikereka.

Mke alipokufa aliacha sanduku la vitenge na ombi moja: vigawiwe wanawake wa kambi iliyo juu ya Kanyosha, pembeni ya Bujumbura, wale waliotolewa na jeshi vilimani kwao kwa sababu ya vita wakiwa na nguo walizovaa tu. Télesphore angeweza kuvipeleka mwenyewe. Lakini akaja Fortunat wa shirika la Mkono wa Huruma, amefunga tai, amebeba mkoba uliojaa karatasi. Télesphore alikuwa tarishi wa wizara moja huko Rohero, katikati ya mji, miaka mingi, kisha karani wa mafaili, karatasi alizijua. Alizikagua zote mezani: kibali, sahihi, muhuri wa mviringo. Alidai na risiti, akapewa, na sanduku likaenda.

"Watu kama wewe ni wachache, mzee," Fortunat alisema. "Wengine wanatoa tu bila kusoma."

Neno hilo lilimfurahisha siku nzima.

Baadaye Fortunat alimletea picha ya rangi, nakala mbili. Mwanamke mwembamba alisimama mbele ya kibanda cha plastiki, begani ana kitenge cha manjano cha Léocadie, kile alichovaa siku ya harusi ya binti yao Nella. Télesphore alimtumia Nella nakala moja huko Ubelgiji anakoishi, pamoja na barua ndefu ya kulisifu shirika. Nella akajibu: "Baba, niliionyesha parokia yetu, watu wakalia. Tumechanga. Mwisho wa mwezi tunamtumia huyo Fortunat. Padri anataka neno lako tu kwamba ni wa kuaminika. Nimemwambia wewe hukosei."

Habari za mchango alimweleza Fortunat siku ileile, na maneno hayo ya mwisho aliyasoma mara nyingi. Alikuwa anakwenda kununua bahasha ya kujibia alipopita sokoni, akaona kitenge cha manjano kwenye kamba ya Mwavita, mama wa Kikongomani anayeuza nguo kuukuu. Akashika pindo. Palikuwa na alama ya pasi. Ni yeye aliyepaunguza, asubuhi ya harusi, akitaka kuonyesha kwamba mwanamume aliyesoma anaweza kupiga pasi.

"Muzee, unatafutia nani?" Mwavita aliuliza. "Umepata kabibi kapya?"

Wenzake wakacheka.

"Hiki ni cha mke wangu."

"Basi yeye mwenyewe akuye akichukue."

"Amekufa."

Mwavita akawanyamazisha wenzake kwa mkono. "Pole, papa. Lakini mi sikuiba. Iko kijana mumoja wa kravati," akajipapasa shingo kama anayefunga tai, "anakuyaka na kamioneti, gari kadogo ka mizigo, anatuuzia mafungu."

Télesphore aliuliza bei. Hakuiweza.

Njia nzima alitafuta maelezo. Huenda mwanamke wa pichani alikiuza kwa njaa, na Fortunat akamsaidia tu kupata mnunuzi. Hiyo ingekuwa haki ya mwanamke huyo, Fortunat angebaki mtu safi, na Télesphore angebaki asiyekosea. Akachukua nakala yake ya picha, akavaa koti, akapanda hadi kambini kwa miguu. Mwanajeshi wa mlangoni alimpekua, akamwacha apite.

Mwanamke wa kwanza aliyemwonyesha picha akaita kwa sauti, "Adélaïde, njoo ujione ulivyokuwa tajiri."

Adélaïde akaja. Alikuwa amejifunga gunia la unga. Akaitazama picha, wala hakushangaa.

"Walitupanga mstari," alisema. "Mtu anavishwa, anapigwa picha, anavuliwa. Nikadhani siku hizi misaada ndiyo iko hivyo, baba."

"Vilikuwa vya mke wangu. Hamkuuliza?"

"Tumwulize nani? Na wewe mwenye vitu, ulikuja kutuuliza?"

Télesphore akalitazama lile gunia.

"Kilikuwa na joto kile," Adélaïde alisema, akamrudishia picha yake.

Jioni ile alimwandikia Nella kwamba benki za Bujumbura zina shida kwa sababu ya vita, basi wasitume kwanza. Ilikuwa barua nzuri, na hakuna ambaye angejua. Lakini shida ya benki ingekwisha, na Fortunat angekuwa bado anangoja. Akaichana, akaanza upya.

"Nella, nilikosea. Nilikagua karatasi, sikukagua watu. Fortunat ni mwizi, na mimi ndiye niliyemfikisha mlangoni pako. Msimtumie kitu. Wala msiache kutoa, maana mwanamke wa pichani amevaa gunia, kitenge walimvua. Ila kabla ya kutoa, aulizwe anayepokea, si anayebeba. Kazi ya kuuliza nitaifanya mimi, kwa miguu yangu. Na mwambie padri kwamba baba yako hukosea. Mama yako alijua."

Kesho yake, karibu na posta, kamioneti ilisimama kando yake. Nyuma ilikuwa na mafungu mapya ya nguo.

"Mzee wetu," Fortunat aliita dirishani, "barua ya kumpelekea Nella hiyo? Umenisalimia?"

"Umo humo ndani," Télesphore alisema.

Fortunat akashukuru sana, akaondoa gari.

Ndani ya posta mzee alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akaisukuma chini ya kioo. Karani akaigonga muhuri wa mviringo. Télesphore hakuutazama.