Lenzi ya Mlangoni

"Bado unaona masharubu tu?" Mzee Nurhusen, mwenye duka ambaye wote humwita Gashe kwa heshima, aliuliza bila kufungua mdomo sawasawa, kama mtu anayenyolewa.

"Masharubu na nusu ya pua," Yeshimebet alijibu, jicho likiwa kwenye kamera. Alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa kabati la vioo lililojaa betri na chaja za zamani. "Sasa naona na glasi ya chai."

"Chai yenyewe imeshapoa, binti yangu. Rudi zaidi."

Alilipita kabati, akarudi zaidi. Alivuka kizingiti cha duka, akashuka ngazi, akatokea barabarani. Mwanamke mmoja aliyebeba kuku wawili vichwa chini alimkwepa kwa shida. "Wewe! Macho umeyaweka wapi?" Yeshimebet akaomba radhi bila kugeuka, kwa maana ni hapo tu, akiwa nje kabisa ya duka, ndipo mzee alipoingia mzima kwenye picha: kofia, masharubu, glasi na mkono ulioishika. Alibonyeza. Ndani mlikuwa na giza la saa za mvua, lakini picha ilitoka safi, kila unywele mahali pake.

Alirudi ndani amekunja uso.

"Imekuwa mbaya?" mzee aliuliza.

"Ni nzuri mno. Lakini inanitoa nje ya nyumba."

"Lenzi hiyo ya milimita hamsini ndiyo kila mtu anayoitaka. Kuna mtu wa Kombolcha ananipigia simu kila siku kuiulizia."

"Huenda mtu wa Kombolcha ana sebule kubwa, Gashe."

Mzee alicheka mpaka akaweka glasi chini. Kisha akafungua droo na kumtolea ile nyingine, ya thelathini na tano, iliyofungwa kwenye soksi ya mtoto.

Kamera ya Yeshimebet haikuwa ya wakubwa. Kihisi chake, kile kisahani cha ndani kinachopokea picha, kilikuwa kidogo, na kwa sababu hiyo lenzi ya hamsini ikivishwa humo huwa kama kuchungulia kwenye mwanzi: unafika mbali, lakini unaona kidogo. Ya thelathini na tano ndiyo inayoona kama jicho la mtu aliyeketi na wenzake. Zote mbili hazivuti wala hazisukumi. Ukitaka kitu kiwe karibu, unakifuata kwa miguu. Lakini zote zina tundu pana, na hunywa mwanga hata pale ambapo mwanga umebaki wa kulamba tu. Mwanga wa kulamba ndio uliokuwa shida yake.

Katika kijumba cha ubatizo cha kanisani, padri Abba Tekle hakuruhusu taa ya kamera. Mpiga picha mmoja alikuwa amewahi kuiwasha karibu mno, padri akashtuka, na mafuta matakatifu yakamwagika kwenye joho lake. Tangu siku hiyo, anayetaka picha apige kwa mishumaa. Mwaka uliopita Yeshimebet alijaribu, kwa lenzi aliyonunua pamoja na kamera. Uso wa mama wa mtoto ulitoka umeburuzika kama wino uliomwagiwa maji. Familia ile haikulalamika. Walimshukuru, wakamlisha, na alipopita kwao baada ya Pasaka akaikuta picha imetundikwa nyuma ya mlango.

Sasa mtoto aliyekuwa anangojewa kubatizwa alikuwa wa Bizuayehu, dada yake mkubwa. Bizuayehu aliolewa na Asrat akiwa msichana, na mtoto huyu alikuja wakati majirani walikuwa wameacha hata kuuliza. Siku ya themanini tangu azaliwe, ambayo mtoto wa kike hubatizwa, ingeangukia Jumapili. Alfajiri hiyo mama angeingia kanisani kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na mtoto angepewa jina. Haingewezekana kumwambia padri arudie.

Kwa hiyo Yeshimebet hakukimbilia kununua. Yeye alijifundisha kazi hii peke yake, na waliojifundisha peke yao huogopa kubahatisha. Alichukua lenzi yake ya zamani, ile inayovuta, akaizungushia utepe wa karatasi ili isisogee kutoka thelathini na tano, akafanya nayo kazi wiki nzima. Wiki iliyofuata akaifunga kwenye hamsini. Alimwomba Abba Tekle ruhusa akaingia kwenye kijumba cha ubatizo kikiwa kitupu, akasimama kwenye kona yake, upande wa wanawake, akapiga picha ya beseni la mawe. Kwa ile hamsini aliona ukingo wa beseni tu. Kwa thelathini na tano aliona beseni, mahali ambapo mama angesimama, mahali pa mama wa ubatizo, na dirisha dogo juu yao.

Basi akarudi dukani, akachukua ya thelathini na tano. Aliiweka ndani ya ile soksi ya mtoto, akaondoka dukani akijisikia mwepesi.

Jumamosi mchana alikuwa jikoni kwa dada yake, amezungukwa na vitunguu. Kuku wa sherehe alihitaji mlima wa vitunguu, na dada hao wawili walikuwa wameukalia mlima huo wakilia na kucheka. Mtoto alikuwa amelala kwenye shuka karibu na moto. Yeshimebet alinyanyuka kwenda uani, na aliporudi hakuketi.

Bizuayehu alimtazama. Alikuwa dada mkubwa, aliyemfundisha mdogo wake mambo hayo yote ya kike. Hakuhitaji kuambiwa.

"Si wiki ijayo?" aliuliza taratibu.

"Ilikuwa wiki ijayo. Wasiwasi umeileta."

Kisu cha Bizuayehu kilisimama katikati ya kitunguu. Mwanamke aliye katika siku zake haingii kanisani, wala kwenye kijumba cha ubatizo. Husimama nje. Ndivyo mama yao alivyosimama, na bibi yao.

"Ingia tu," Bizuayehu alisema, akitazama chini. "Nani atajua?"

"Wewe utajua. Utaiangalia picha ukutani kila siku, na utakuwa unajua."

"Nimemngoja mtoto huyu miaka yote hii, Yeshi. Nataka kuuona uso wangu wa siku hiyo. Mimi mwenyewe sitauona."

"Najua, dada."

"Basi mpe Asrat kamera."

Walitazamana. Ukutani juu yao palikuwa na picha ya harusi ya binamu, iliyopigwa na Asrat, yenye maharusi wawili wasio na vichwa. Bizuayehu ndiye aliyeanza kucheka, machozi ya vitunguu yakimtiririka, mwishowe haikujulikana tena ni ya vitunguu au ya nini.

Yeshimebet alinawa mikono kwa limau. Alikuwa anafikiri kwa utaratibu wake, kama mtu anayefungua fundo. Mahali pake pa kusimama pamebadilika. Watu watabaki walipo, na mwanga utabaki ulivyo. Kutoka kwenye kona, ile thelathini na tano ilikuwa sahihi. Kutoka nje ya mlango, ingeleta mlango mkubwa na watu wadogo kama mbegu ndani yake. Alimwona tena Gashe Nurhusen, mzima na glasi yake, kutoka barabarani.

"Nitarudi kumalizia vitunguu," alisema, akachukua shali.

Alimkuta mzee anashusha bati la duka. Kwenye mfuko wa koti lake kulikuwa na kifurushi kidogo cha gazeti.

"Gashe, ile ya hamsini ipo?"

"Ipo hapa, inakwenda Kombolcha. Basi la jioni." Alimtazama. "Ulisema inakutoa nje ya nyumba."

"Ndiyo. Sasa nataka initoe."

"Wiki mbili umefunga makaratasi kwenye lenzi, umepima, umenichosha kwa maswali, na leo umegeuka? Kuna nini?"

Yeshimebet alivuta shali mabegani. Mzee alikuwa Mwislamu, umri wa baba yake. "Kesho siwezi kuingia ndani," alisema hatimaye. "Nitasimama nje ya mlango."

Gashe Nurhusen aliliacha bati. Kisha akakohoa, akageukia upande wa pili wa barabara, akawa kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Nyumbani kwangu wamo wanawake wanne," alisema. "Kuna siku nikiamka kuswali, mikeka yao inatandikwa mitatu. Mimi siulizi. Naswali." Alitoa kile kifurushi mfukoni. "Shika. Lete hiyo nyingine."

"Na mtu wa Kombolcha?"

"Nitampa hii yako. Kwanza nitamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza: anasimama wapi." Akacheka ndani ya masharubu yake. "Hebu nenda, mvua inakuja. Na unisalimie mama wa mtoto."

Alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukajaa uani kwa kanisa, hata miti ya mireteni ikaonekana kama watu waliojifunika. Yeshimebet alisimama nje ya kijumba cha ubatizo, chini ya ngazi ya mawe, shali jeupe kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Alinyanyua kamera: dada yake kutoka kiunoni hadi kichwani, mtoto mikononi mwa mama wa ubatizo, beseni, mishumaa mitatu. Kila mtu aliingia kwenye picha. Hata pumzi yake mwenyewe aliiona ikitoka taratibu sasa.

Ndipo mama wa ubatizo aliposema, "Uuu, baridi hii! Mtoto ataugua. Mtu afunge huo mlango."

Shemasi kijana akaushika mlango. Ulilia kwenye bawaba zake, na dada mtu akapungua kwenye kamera: bega, nusu uso, jicho moja lililomtafuta mdogo wake nje.

Yeshimebet hakushusha kamera.

Abba Tekle alikuwa ameinama juu ya maji. Aliinua kichwa. Aliutazama mlango, kisha akamtazama kwa kitambo yule mwanamke aliyesimama chini ya ngazi, yule aliyekuja wiki ile kumwomba kona ya ndani. Hakumuuliza kwa nini haingii.

"Uache," alimwambia shemasi.

"Abba, baridi."

"Moshi wa ubani umenikaba. Mzee kama mimi nimbatize mtoto nikikohoa? Uache wazi. Wote."

Shemasi akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

Maji yalipomwagwa mara ya kwanza, mtoto alinyamaza kwa mshangao. Mara ya pili alivuta pumzi ndefu. Mara ya tatu akalia, kilio kikali cha mtu aliyefika, na Bizuayehu akainua uso. Yeshimebet alibonyeza. Hakupiga nyingi. Mgongo wa padri ulimziba, akangoja; ulipoondoka akapiga tena, wakati uzi wa ubatizo ulipofungwa shingoni mwa mtoto na jina likatamkwa: Welete Selassie.

Alithubutu kutazama kwenye kioo cha kamera. Kizingiti na miimo ya mlango vilikuwa vimeyeyuka kuwa kivuli laini pembeni, na katikati ya kivuli hicho dada yake alikuwa amesimama, kila kope ikiwa mahali pake, tone la maji likining'inia kwenye kisigino cha mtoto. Uso ule Yeshimebet hakuwahi kuuona. Akaegemea ukuta wa mawe na kucheka bila sauti, kamera ikimtikisika kifuani.

Walianza kutoka kwenda kanisani kwa misa. Bizuayehu alitangulia, mtoto amefunikwa shuka jeupe, akavuka kizingiti. Yeshimebet alinyanyua kamera, akarudi nyuma hatua moja ili waingie wote. Wakasogea. Akarudi nyingine, na nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa mti wa mreteni na umande ukamdondokea shingoni. Hakuwa na pa kurudi tena. Bado walikuwa wanakuja. Shuka likajaza picha, kisha uso wa mtoto ukajaza picha, kisha, kwa ukaribu ule, lenzi ikakataa kushika sura, kila kitu kikawa mwanga mweupe tu.

Akashusha kamera.