Mtambo Uliofuma Jumapili

Naanza na aibu yangu mwenyewe, kabla hujaisikia kwa Dolina akaitia chumvi. Mimi Murdina, niliyefuma kwa miaka arobaini na mmoja, mwanamke niliyewahi kumsuta mchungaji mbele za watu kwa kuvaa koti la nailoni, nilifunga mota kwenye mtambo wangu wa kufumia.

Hapa kwetu Lewis, kisiwa cha Uskoti, hilo si jambo dogo. Kitambaa chetu cha sufu kina muhuri, na sheria ya muhuri ni fupi, hata kondoo angeielewa: kifumwe hapa visiwani, nyumbani kwa mfumaji, kwa nguvu ya miguu yake. Gari la kiwanda linakuletea nyuzi, unazifuma bandani kwako, gari linarudi kuchukua jora. Mtu wa Paris ananunua koti kwa sababu ya ule muhuri. Uondoe muhuri, basi kuna mashine huko ng'ambo zinazotoa kitambaa kama hicho kwa saa moja, na wala hazinywi chai. Kila mfumaji ana namba yake. Ukikamatwa na mota namba inafutwa, na nyuzi hutaziona tena mpaka kaburini.

Nilipoolewa kijiji hiki kilikuwa na mitambo kumi na minne. Umebaki wangu. Namba yangu ikifutwa, gari la kiwanda halina tena sababu ya kukata kona kuja huku. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha, na ndilo lililonitia ujinga.

Maana mwezi wa tatu kondoo dume alinipiga kichwa, goti la kulia likaenda na maji. Daktari akasema nisubiri upasuaji, mwaka mmoja, pengine miwili. Nikamwuliza nitafumaje. Akatabasamu. "Mama, kwa nini usipumzike tu?" Nilitoka bila kuaga, na mpaka leo sijutii.

Sasa kuna huyu Torkil. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, nimemlea mwenyewe. Ana miaka thelathini na minne, ni fundi wa mitambo ile mirefu ya umeme wa upepo, na akili zake ni nyingi kuliko busara. Alinikuta bandani nikikanyaga pedeli huku machozi yananitoka.

"Mama mkubwa, nipe siku mbili tu."

"Za nini?"

"Nikufungie mota ndogo, hapo chini. Haionekani. Unaiwasha kwa simu, wewe kazi yako kuchunga nyuzi."

"Toka bandani mwangu."

"Haya, endelea kuchechemea. Jora moja kwa mwezi. Kiwanda kitakungoja, si ndiyo?"

Nikamrushia kikombe. Bahati yake hakikuwa na chai.

Lakini kiwanda hakikungoja. Walinipigia simu kesho yake: wanataka majora matatu kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nyuzi zangu watampa mtu mwingine. Nikakaa na hilo neno siku moja nzima, halafu nikampigia Torkil. Sitajitetea. Nilimwambia, "Njoo na hiyo takataka yako."

Takataka ikafanya kazi, na hilo ndilo lililoniudhi. Jora la kwanza lilikwisha kwa siku nne, halina dosari hata ya dawa. Mimi nimekaa kwenye benchi, miguu inaning'inia, nimekuwa mgeni ndani ya banda langu. Dolina, jirani yangu ambaye tunagawana ukuta wa mawe, akachungulia juu ya ukuta.

"Shoga, goti limepona? Maana unaupiga mwingi siku hizi."

"Mungu ni mwema," nikasema. Nikamtia Mungu ndani ya uongo wangu bila haya.

"Ni mwema kweli. Maana hata chai huendi kunywa."

Jumamosi iliyofuata upepo ulivuma kama una deni na mtu, na saa kumi na moja jioni umeme ukakatika, jora la pili likiwa katikati. Nikaona basi, mtambo umelala wenyewe. Jumamosi jioni kwetu ina mambo yake. Kesho yake hakuna kazi yoyote, kwa hiyo viazi vya Jumapili vimenywe, mboji kavu tunayochoma badala ya kuni iingizwe ndani, nguo zianuliwe kambani. Nikafunga mlango wa banda nikaenda kumenya viazi. Swichi sikuizima. Na Torkil, kwa werevu wake, alikuwa ameifundisha ile mota kwamba umeme ukirudi iendelee pale ilipoishia. Hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Jumapili asubuhi tukatoka kwenda kanisani kama kawaida, kijiji kizima barabarani, makoti meusi, Biblia kwapani, watu arobaini hivi. Mimi na fimbo yangu, Dolina upande huu, mzee wa kanisa Aulay upande ule. Jumapili kwetu hata jogoo huwika kwa adabu. Tulikuwa hatujapita ukuta wangu umeme uliporudi.

Taka-tak. Taka-tak. Taka-tak.

Watu wote wakasimama. Dolina akaliangalia banda, akaniangalia mimi, akaliangalia banda tena.

"Murdina. Wewe si uko hapa?"

"Niko hapa."

"Sasa nani anafuma?"

"Shetani," mtu akanong'ona nyuma.

"Shetani gani?" Dolina akasema. "Shetani hajui kufuma, na huyu anajua."

Kuna mtu alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kuvunja Sabato na kudanganya muhuri, yote mawili kwa pigo moja, mbele ya kila mtu ninayemfahamu duniani!

Mzee Aulay akavua kofia yake, akaikung'uta, ingawa haikuwa na kitu. "Nenda kauzime."

"Ni Sabato, mzee."

"Punda akitumbukia kisimani siku ya Sabato anatolewa. Nenda kamtoe punda wako. Tutakungoja."

Na kweli wakaningoja. Nikakatiza majani kwa mguu mmoja na nusu, macho ya watu arobaini mgongoni, nikauzima mtambo. Ningeweza kuingia ndani nikajifunika blanketi mpaka Jumatatu. Nikarudi barabarani, nikaenda nao kanisani, nikakaa benchi langu la siku zote, la pili kutoka mbele. Mahubiri yalihusu nini, usiniulize.

Jioni Dolina akaja na bakuli la supu iliyopikwa jana yake. Akakaa, akajifanya anatazama dirisha.

"Tumezungumza. Ya Jumapili tumekusamehe, hukukusudia. Na hilo lingine hatukuliona."

"Mliliona nyote."

"Tuliona mlango wa banda, basi. Murdina, hakuna atakayefungua mdomo. Gari likiacha kuja kwako, kijiji hiki kimebaki na makaburi na kondoo. Kula supu."

Nililia mpaka supu ikapoa. Hawa ni watu ambao hawaachi hata soksi kambani siku ya Bwana, wasiosema uongo hata kuhusu umri wao, na walikuwa tayari kudanganya, watu arobaini, kwa ajili ya goti langu. Matusi yao ningeyavumilia. Wema huo ulinishinda.

"Hapana," nikamwambia. "Muhuri unasema mguu wangu. Kama si mguu wangu, mimi sitaki."

"Unajichongea mwenyewe?"

"Najichongea mwenyewe."

"Kichwa kigumu wewe," akasema Dolina, akachukua bakuli lake.

Jumatatu saa tatu nikaipigia simu ofisi ya muhuri. Nikawatajia namba yangu, jora moja na nusu, mota moja. Upande wa pili mkaguzi, Bwana Finlay, akauliza, "Nani amekuripoti, mama?"

"Mimi."

Majora yale hayatapigwa muhuri, akasema. Namba imesimamishwa. Ijumaa atakuja kwa macho yake: akiniona nafuma kwa miguu yangu, sawa. Asiponiona, inafutwa.

Torkil alifika mchana ule ule, kichwa chini. "Mama mkubwa, nimekuharibia."

"Tumeharibu wote. Ng'oa mota yako. Ukimaliza kaa hapo, uniangalie ninavyokanyaga, maana tangu uzaliwe hujawahi kuniangalia."

Akaniangalia siku nzima. Akanipiga picha kwa simu, akapima paja, akapima pedeli, akachora kwenye kompyuta yake mguu wangu wa kushoto ukipanda na kushuka, mnene kuliko ulivyo. Nikamwachia. Sikuwahi kugombana na kompyuta. Nilichogombana nacho ni uvivu wangu kujiita maendeleo.

Jumatano akaja na nondo, mnyororo, na jiwe kubwa la ukutani. Akanionyesha: mguu mzima unakanyaga pedeli ya kushoto, na kwa mkanyago huo huo jiwe linapanda. Jiwe likishuka, linaisukuma pedeli ya kulia. Mguu mbovu unakaa umenyooka pembeni.

"Nguvu yote ni yako," akasema. "Mimi nimeigawa tu."

Mara ya kwanza jiwe lilishuka kwa hasira likakata nyuzi sitini. Kila uzi lazima ufungwe kwa mkono, kwa fundo ambalo halitaonekana kwenye kitambaa. Nilimfundisha lile fundo kwa matusi, na mpaka Alhamisi mchana tulikuwa bado tumeinama pale, mabega yanagusana. Alifunga ishirini na mbili. Kumi na tisa zilikuwa nzuri.

Ijumaa Bwana Finlay akaingia bandani na tai yake, akapiga magoti sakafuni na suruali safi, akaingiza kichwa chini ya mtambo.

"Waya uko wapi?"

"Hakuna."

"Na hili jiwe?"

"Linapandishwa na mguu. Huamini, kaa wewe."

Akakaa. Mkanyago wa nane uso ulikuwa mwekundu, wa kumi na mbili akashuka, akajifuta jasho kwa tai. Dolina, ambaye alikuwa amejipa kazi ya kusimama mlangoni pamoja na Mzee Aulay, akamwambia pole kwa sauti isiyokuwa na pole yoyote. Bwana Finlay akatoa karatasi ya sheria, akaisoma mara mbili.

"Sheria inauliza nguvu inatoka wapi," akasema taratibu. "Haiulizi habari za jiwe."

"Basi simama pembeni uone inakotoka."

Nikapanda. Kila jiwe lilipogonga chini, mtetemo ulipita sakafuni ukaingia moja kwa moja kwenye goti bovu, nikauma meno. Paja la kushoto lilianza kuwaka kabla ya shubiri ya kwanza. Sikuharakisha. Nilikanyaga, nikaangalia kingo, nikakanyaga. Uzi mmoja ukakatika, nikasimama, nikaufunga, nikaendelea.

Bwana Finlay akapima kwa utepe wake, akapitisha kidole juu ya kitambaa, akageuza upande wa chini, akatazama huko pia.

"Inatosha, mama. Namba yako inabaki."

Torkil akakaa chini sakafuni ghafla, akafunika uso.

"Lakini nikuambie ukweli," Bwana Finlay akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenihurumia. "Kwa mwendo huu jora moja ni wiki tatu. Kiwanda hakitakupa kazi ya watu watatu tena."

"Kinipe ya mtu mmoja."

"Utaweza?"

Niliurudisha mguu kwenye pedeli. Jiwe likapanda, likashuka. Likapanda tena.

"Mama, nimesema inatosha. Nimeshaona."

"Wewe ndiye uliyetosheka, bwana," nikamwambia. "Mimi nina jora la kumaliza. Fungeni huo mlango, upepo unaingia."