Ngozi ya Kuhani

Tangu mama mkwe apooze upande mmoja, mpishi ndiye aliyeacha kazi yake katika jiko la shule ili amuuguze. Jumamosi hiyo asubuhi mpishi mkuu alikuwa amempigia simu: nafasi yake inamngoja hadi Jumatatu, asipofika anapewa mwingine. Mchana ulimkuta bado hajamwambia mtu, anambadilishia mama shuka.

Wifi yake aliingia na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni.

"Wifi, wewe ndiye sadaka ya nyumba hii. Mungu anakuona."

"Sadaka ipi?" mpishi aliuliza, akichomeka ncha ya shuka chini ya godoro. "Kaka yako anasema ziko nyingi."

Mumewe alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake. Fundi huyo alijifunza Kiebrania peke yake, kwa kamusi kuukuu, na kesho yake alikuwa na somo la kufundisha kanisani. Mkewe hakuwahi kumuuliza swali kama hilo. Akaacha kushona, akaja kwa furaha.

"Ile ya kuteketezwa waliita ola, yaani kinachopanda. Mnyama mzima anapanda na moshi. Hakuna anayeonja."

"Hakibaki kitu?"

"Ngozi tu. Ni ya kuhani."

Mpishi alitazama viganja vyake, vilivyochubuka kwa sabuni. "Basi ndiyo hiyo."

Mama akafumbua jicho. "Na mimi ndio madhabahu? Mbona nasikia baridi?"

Wifi akacheka peke yake.

"Kuna nyingine," fundi alisema taratibu. "Shelamim, ya amani. Neno lake linatokana na kutimia, kutopungukiwa. Mafuta yanachomwa, kuhani anapata fungu lake, na aliyeileta anakaa kula na watu wake."

"Huyo ni aliyeileta. Mnyama je, anaulizwa?"

Fundi alifikiri, kama alivyozoea kulifikiria kila neno. "Hapana," akasema. "Sijaona mahali anapoulizwa."

"Hata mimi sikuulizwa." Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu za kuipaza. "Jumatatu narudi kazini, la sivyo nafasi imekwenda. Sina ugomvi na mama. Nimechoka tu."

"Mimi nina duka," wifi alisema haraka. "Kaka, sema kitu."

Fundi alirudi sebuleni, na muda si mrefu wakasikia miguu ya cherehani ikikwaruza sakafu. Akaisukuma mpaka ndani, chini ya dirisha la mama.

"Nitashonea humu," akamwambia dada yake. "Mchana nikipeleka nguo kwa wateja, utakaa wewe."

"Mimi? Hata kumgeuza sijui!"

"Shika bega hilo, ujifunze."

Mpishi alikwenda chumba cha pili akajitupa kitandani na nguo zake zilizolowa kwa kufua. Sauti ya mama ikapenya ukutani: "Siyo huko! Mnanivunja mbavu, nyie! Hebu mwiteni mwenyewe!"

"Amelala, mama," fundi alisema.

Mpishi alikuwa bado hajalala. Lakini hakuinuka.